Aibu ya Kulewa Bahari na Ituondokee

Ndugu Wanachama,

Nataka kusema nanyi leo juu ya jambo ambalo halijapata kuandikwa katika ukurasa huu. Wengi huliona dogo, na wale ambao kwao si dogo huona haya kulitaja. Nalo ni kulewa bahari: kigegezi, kutapika, na ule unyonge unaomshika mtu katika meli ya usiku hata akatamani bora asingalizaliwa.

Pengine mtauliza, haya yana nini na karafuu? Yana mengi. Katika mkutano mkuu uliopita, uliofanyika Unguja, viti kadhaa vya wajumbe wa matawi ya Pemba vilikuwa vitupu. Siku ile tulipiga kura juu ya majamvi ya kuanikia, na juu ya mchango wa kila mwanachama, mambo ambayo yanamgusa kila mwenye shamba. Baada ya mkutano nilimwandikia bibi yetu mmoja ambaye hajapata kukosa mkutano tangu chama kianze, na ambaye mashina yake ya mikarafuu ameyapanda kwa mkono wake mwenyewe. Nilimwuliza kama ni mgonjwa, au kama nauli ilimshinda. Alinijibu kwa maneno machache: "Si ugonjwa wala si nauli, mwanangu. Ni meli. Safari iliyopita nilitapika mbele za watu, na vijana wetu wa chama wakacheka. Mie mtu mzima. Nichekwe mara moja, yatosha."

Ndugu zangu, sina budi kukiri. Katika wale waliocheka, mimi nilikuwamo. Sikucheka kwa sauti, lakini nilicheka. Mimi ni mtoto wa kisiwani, nimekulia ufukweni, nimesoma chuoni na baadaye skuli ya sekondari huku nikivuka bahari kila likizo, na nilijiona mtu ambaye bahari haimwezi. Nilifundishwa adabu mbali sana na nyumbani, tena si baharini bali ziwani, kule Kyela.

Kama mnavyojua, mwaka jana katika mwezi wa Julai tulikwenda watu 3 kutazama jinsi wenzetu wa bara wanavyouza mazao yao kwa ushirika. Tulianzia Kyela, katika pembe ya kaskazini ya Ziwa Nyasa, ambako wakulima hulima kakao na mpunga. Mchele wa Kyela hata sisi twaujua kwa jina lake. Bonde lile lina mvua nyingi, na kila uendapo ni migomba na mikakao chini ya miti mirefu, hata ukitazama haraka utadhani upo Pemba. Tuliona wanavyovundika kakao katika masanduku ya mbao, wanavyoianika, na wanavyoikusanya ghalani ikapigwa mnada. Hayo nitayaeleza katika toleo jingine, Inshallah. Kutoka hapo tulitaka kufika Mbinga kwa wakulima wa kahawa, na tukaambiwa kwamba ipo njia ya ziwani, kupanda meli karibu na Kyela na kushuka Mbamba Bay.

Bandari za upande ule ni Itungi na Kiwira. Tangu mwaka 2021 ziwa lile lina meli ya MV Mbeya II, iliyojengwa huko huko kuchukua abiria 200 na mizigo tani 200. Njia ya meli hushika ufuo wa mashariki, ikapita Matema, Lupingu, Manda na Liuli, hata Mbamba Bay. Upande huo milima ya Livingstone imesimama kama ukuta, na katika vijiji vingi vya chini yake barabara ni taabu, kwa hiyo kwa watu wa huko meli ndiyo njia. Safari ni ya usiku kucha na zaidi.

Nilipoliona ziwa asubuhi, limetulia, nilisema maneno ambayo hata leo nayaonea haya. Niliwaambia wenzangu, "Haya ni maji ya bakuli. Anayelewa hapa atalewa hata kisimani." Mama mmoja Mkisi, mfinyanzi, aliyekuwa akirudi kwao Lupingu na vyungu vyake vilivyofungwa kwa majani makavu, alinisikia. Hakusema neno. Alinitazama tu, kisha akaenda kutandika mkeka wake katikati ya meli, chini, akajilaza chali.

Mimi nilifanya kinyume cha yote yaliyopasa. Kabla ya kupanda nilikula wali wa nazi na samaki wa kukaanga, nikashiba hasa. Nilichagua kukaa juu kabisa, karibu na omo, nipate kuona mbele. Jua lilipotua nikafungua simu nikaanza kusoma hesabu za chama. Tulipokwisha kupita Matema upepo ukaanza kuvuma kutoka kusini.

Hapa nieleze kidogo, maana mtu wa pwani hulidharau ziwa kwa kutolijua. Ziwa Nyasa lina urefu wa zaidi ya kilomita 550 kutoka kusini hata kaskazini, na kina chake mahali pengine hufika mita 700. Majira ya kusi kwetu, yaani tangu Mei hata Agosti, upepo wa kusini-mashariki huvuma na huko pia, na ndugu zetu wa Malawi huuita Mwera. Upepo huo huyasukuma maji tangu mwisho mmoja wa ziwa hata mwisho wa pili, na Kyela ndiyo mwisho wenyewe. Mawimbi yakifika huko yamekwisha kukua njia nzima. Tena si marefu ya kupanda na kushuka polepole kama ya bahari kuu, bali ni mafupi, yamekaribiana, na meli haipati nafasi ya kupumua. Katika ziwa hilo hilo, upande wa Malawi, meli ya Vipya ilizama mwezi wa Julai mwaka 1946, wakafa watu zaidi ya 100. Hilo ndilo bakuli langu.

Saa tatu ya usiku kigegezi kikanishika. Kwanza miayo, kisha jasho baridi, kisha mate kujaa kinywani. Mwenzangu akaniuliza, "Katibu, u mzima?" Nikasema, "Mzima, nimechoka tu." Uongo huo ndio uliokuwa unitoe roho. Maana nilipoona siwezi tena kujizuia, sikutaka mtu anione. Nikainuka peke yangu gizani, nikaenda ubavuni, tena upande wa joshi, unakotoka upepo, nikainama. Meli ikalala upande. Nilichohisi baadaye ni mkono wa baharia umenishika ukosi wa shati na kunivuta nyuma. Alinikalisha chini akaniambia kwa upole, "Mzee, ukitaka kutapika sema, tutakupa ndoo. Usiende ubavuni peke yako usiku. Ukianguka hapa, nani atakuona?"

Ndugu wanachama, yafikirini maneno hayo. Kigegezi peke yake ni nadra kumwua mtu mzima mwenye afya yake. Kilichokuwa karibu kuniua ni aibu.

Yule mama Mkisi aliniita kwa mkono. Alinisogezea nusu ya mkeka wake, akaniambia nilale chali, nifumbe macho, nisitikise kichwa. Alitafuna kipande cha tangawizi na kunipa kingine. Kila baada ya muda alinipa maji, funda moja moja, na nilipotapika tena alishika ndoo bila ya kukunja uso. Karibu na alfajiri nilipata usingizi. Nilipomshukuru kwa neno moja la Kinyakyusa nililojifunza Kyela, "Ndaga fijo," alicheka, akasema, "Mwanangu, hata baba zetu wavuvi hulewa. Anayejua hulala mapema."

Sasa nieleze ugonjwa huu ni nini hasa, maana wako wanaousema kuwa ni woga, na wako wanaousema kuwa ni shetani wa maji. Ndani ya sikio la kila mtu kuna vijia vidogo vyenye maji ndani yake, na kazi yake ni kuuarifu ubongo mwili unavyokwenda na unavyoinama. Ukikaa ndani ya meli, macho huona ukuta na benchi vimetulia, lakini sikio linasema tunapanda, tunashuka, tunayumba. Ubongo hupata habari 2 zisizopatana, na mwili huchafukwa. Ndiyo maana kusoma huzidisha: macho yamefungwa katika kitu kisichosogea, na sikio linapiga kelele. Basi si woga, wala si udhaifu wa moyo. Nelson, jemadari wa manowari za Uingereza aliyekufa vitani mwaka 1805, aliingia baharini akiwa mtoto wa miaka 12, na alilewa bahari maisha yake yote. Charles Darwin, mwanachuoni aliyezunguka dunia kwa meli tangu 1831 hata 1836, alilewa mara kwa mara safari nzima. Kama hao hawakuona haya, bibi yetu wa Pemba aone haya ya nini?

Wako watakaosema, "Mwili huzoea, waacheni wazoee." Ni kweli kwamba mabaharia wengi huzoea baada ya siku 2 au 3 baharini. Lakini safari yetu ya Unguja na Pemba ni ya usiku mmoja. Mjumbe hulewa usiku kucha, akashuka alfajiri, akakaa nchi kavu miezi kadhaa, kisha akaanza upya. Huyo atazoea lini?

Basi tusaidiane kwa maarifa. Haya niliyokusanya, kwa kufunzwa na mama yule, na baadaye kwa kuwauliza mabaharia na mwuza dawa, yatamfaa kila apandaye meli ya magari ya usiku.

Kwanza ni mahali pa kukaa. Wazee wetu walisema, kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Mithali ile ina maana yake nyingine, lakini kwa mwenye kigegezi ni kweli kabisa kwa maneno yake yenyewe. Omo na tezi ndiko kunakopanda na kushuka zaidi. Katikati ya meli, tena chini, ndiko kwenye utulivu. Nenda mapema upate nafasi hiyo. Lakini usikae katika sitaha ya magari wala usijifiche ndani ya gari lako, kwani moshi wa dizeli ni msaidizi mkubwa wa kigegezi, na gari likiteleza au likitokea jambo la hatari utakuwa mahali pabaya kuliko pote.

Pili ni macho. Mchana mtu hutazama upeo wa macho, pale mbingu na bahari zinapokutana, na macho yakapatana na sikio. Usiku upeo hauonekani. Kwa hiyo dawa ya usiku ni kulala chali mapema, kabla meli haijatoka mkondoni, na kufumba macho. Ukijiona huwezi kulala, tafuta hewa safi huku umekaa, tena pamoja na mtu. Simu iweke mfukoni.

Tatu ni chakula. Usipande na tumbo tupu, wala usipande umeshiba mafuta kama mimi. Mkate mkavu, muhogo wa kuchemsha au ndizi moja vinatosha. Maji kidogo kidogo. Tangawizi inawasaidia watu wengi, na wataalamu wamewahi kuipima wakaona yaweza kufaa. Na karafuu je? Hapa lazima niseme kweli, ingawa mimi ni Katibu wa wenye karafuu. Kutafuna kikonyo cha karafuu hutakasa kinywa na huondoa harufu mbaya, na wengi wetu hupata faraja, kama vile wengine wanavyonusa ndimu. Lakini sijaona ushahidi kwamba huzuia kulewa bahari, na chama chetu kisiuze sifa kisichoweza kuisimamia.

Nne ni dawa za dukani. Zipo, na zinafaa, lakini humezwa saa moja au mbili kabla ya meli kuondoka. Ukisubiri mpaka uanze kutapika umekwisha kuchelewa, kidonge kitarudi kilikotoka. Nyingi katika hizo huleta usingizi. Kwa hiyo dereva atakayeshusha gari alfajiri Mkoani au Malindi asimeze bila ya kuuliza, maana usingizi huo waweza kumfuata hata barabarani. Mtoto chini ya miaka 2 na mama mja mzito wasipewe bila ya daktari. Na mzee mwenye presha ya macho au taabu ya kukojoa amwambie mwuza dawa kabla ya kununua. Watoto tangu miaka 2 hata 12 ndio hulewa zaidi, kwa hiyo tusiwakaripie.

Tano, na hili ni kubwa kuliko yote: anayetaka kutapika aseme. Apewe mfuko au ndoo, na mtu wa kukaa naye. Akilazimika kwenda ubavuni aende upande wa demani, upepo ukiwa mgongoni, ashikwe, wala asiende peke yake usiku.

Nisieleweke vibaya. Sisemi kwamba kila hofu ya bahari ni kigegezi. Sisi hatujaisahau Septemba ya mwaka 2011, Spice Islander ilipozama usiku katika mkondo wa Nungwi ikielekea Pemba, na mamia ya watu wetu ndani yake, imepakiwa kupita kiasi. Mtu anayekataa kupanda chombo kilichojazwa kupita kiasi si mwoga, ana akili. Lakini hilo nalo lina uhusiano na maneno yangu. Mtu aliyezoea kuficha kigegezi chake asichekwe, atanyamaza pia anapoona meli imejaa, asije akaambiwa mwoga. Tukivunja aibu ya kwanza tutaidhoofisha na ya pili.

Kwa hiyo napendekeza kwa Kamati na kwa wanachama wote mambo haya, na naomba yajadiliwe katika matawi. Mkutano mkuu usiwekwe tena katikati ya kusi. Uwekwe katika maleleji, pepo zinapobadilika na bahari hutulia. Maleleji ya Oktoba na Novemba hayatufai, kwa kuwa ndipo tulipo juu ya mikarafuu. Basi na iwe Machi, kabla ya masika kushika. Pia mkutano ufanywe zamu kwa zamu, mwaka huu Unguja na mwaka ujao Pemba, ili taabu ya kuvuka igawanywe. Karafuu nyingi ya visiwa hivi hutoka Pemba, basi kwa nini anayevuka daima awe Mpemba? Kadhalika wajumbe wafike siku moja kabla, wapumzike, maana mtu aliyetapika usiku kucha hawezi kuzungumza hesabu asubuhi. Na kila tawi lipange wajumbe wake wawili wawili, mmoja awe mlinzi wa mwenzake.

Yatasemwa kwamba siku moja zaidi ni gharama. Ni kweli, iko gharama ya chakula na malazi. Lakini pimeni na gharama ya kura zilizopigwa bila ya wenyewe. Majamvi yale tuliyoyachagua Unguja, bibi yetu ameniandikia kwamba ni madogo kwa uwanja wa Pemba, na kwamba angalikuwapo angalisema. Na kweli angalisema, nasi tungalisikia, maana katika chama hiki hakuna anayejua kuanika kumshinda.

Mimi nimekwisha kumwandikia kumtaka radhi. Nimemweleza habari ya Kyela yote, pamoja na ndoo. Amenijibu kwamba amecheka mpaka machozi, na kwamba sasa tumelipana. Ameniambia pia kwamba mkutano ukiwa Machi atakuja, kwa sharti moja, kwamba Katibu alale ngamani karibu naye, na tangawizi aje nayo yeye.

Nimekubali.

Wassalaam,
Ndugu yenu,
KATIBU